Friji limekufa, nani analipa? Maswali ya wapangaji na wenye nyumba kuhusu matengenezo ya vifaa

Nyumba nyingi za kupanga mijini siku hizi hazitolewi kuta tupu. Kuna kiyoyozi ukutani, hita bafuni, pampu na simtanki uani, na zile zinazopangishwa na samani zake zina friji, jiko na mashine ya kufulia. Vifaa hivi vikifanya kazi hakuna anayevitaja. Kimoja kikizima, watu waliokuwa wanasalimiana vizuri kila asubuhi wanaanza kukwepana getini. Majibu yaliyo hapa ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi na taasisi zake, na wasomaji wa Kenya wana swali lao karibu na mwisho.

Kifaa kimeharibika. Kwa kawaida nani anapaswa kukitengeneza?

Anza na mambo mawili: kifaa ni cha nani, na kimeharibika kwa sababu gani. Kifaa cha mwenye nyumba kilichochoka kwa umri au kwa matumizi ya kawaida ni mzigo wa mwenye nyumba. Kifaa hicho hicho kikiharibiwa na mpangaji, mtoto wake, mgeni wake au dada wa kazi, ni mzigo wa mpangaji. Kifaa alichokuja nacho mpangaji ni chake, hata kama kimefungwa ukutani kwa skrubu. Vitu vinavyoisha na kubadilishwa mara kwa mara, kama balbu, betri za rimoti na mtungi wa gesi, hununua anayevitumia.

Ugomvi hautokani na kanuni hizi, kwa sababu karibu kila mtu anazikubali. Unatokana na ushahidi: friji lilikuwaje siku mpangaji anapokea funguo, lini alisema limeharibika, na fundi aliona nini alipolifungua. Mwenye majibu ya maswali hayo matatu ndiye anayesikilizwa, awe mpangaji au mwenye nyumba.

Sheria inasemaje hasa?

Sheria inayotumika ni Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, iliyotungwa mwaka 1999. Ina masharti yanayohesabiwa kuwamo ndani ya mkataba wa upangaji hata kama hamkuyaandika. Kwa upande wa mwenye nyumba, mpangaji aachwe akae kwa utulivu bila kusumbuliwa, na nyumba au chumba cha kuishi kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu tangu siku ya kwanza na kiendelee kufaa muda wote wa upangaji. Kama amepangisha sehemu tu ya jengo, paa, kuta za nje, mifereji mikuu na mifumo inayotumiwa na wote ni wajibu wake kuitunza. Kwa upande wa mpangaji, alipe kodi, aitunze nyumba vizuri kwa kiwango cha kuridhisha, na akiondoka airudishe kama alivyoikuta, ukiacha uchakavu wa kawaida na majanga ambayo hakuyasababisha.

Utaona kwamba friji halikutajwa. Mimi naona ni busara kutenganisha makundi mawili. Nyaya za umeme, soketi, mabomba, choo na pampu inayoleta maji ni sehemu ya nyumba yenyewe, na zikifa nyumba haikaliki. Hapo sheria inamsimamia mpangaji waziwazi. Friji, jiko, televisheni na mashine ya kufulia ni vitu vya nyongeza, na haki yako juu yake inategemea zaidi mlichokubaliana: kama kodi iliwekwa juu kwa sababu nyumba ina friji na kiyoyozi, basi umelipia friji na kiyoyozi vinavyofanya kazi.

Wazee watakumbuka mabaraza ya nyumba yaliyokuwa yakisikiliza mambo ya kodi chini ya sheria ya udhibiti wa kodi za nyumba. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo mkataba una uzito mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani.

Mkataba wetu ni wa karatasi moja tulionunua stesheni (duka la vifaa vya kuandikia), hausemi lolote kuhusu vifaa. Au tulikubaliana kwa mdomo tu. Nifanyeje?

Upangaji wa mwaka mmoja au chini ya hapo unaweza kufanywa hata kwa mdomo na ukatambulika kisheria. Shida ya mdomo ni kwamba kila mmoja anakumbuka kinachomfaa.

Mikataba ya stesheni huwa na sentensi kama "mpangaji atatunza nyumba na vilivyomo katika hali nzuri". Baadhi ya wenye nyumba huisoma kana kwamba inamtaka mpangaji anunue kompresa mpya, ile mota inayosukuma gesi ndani ya friji au kiyoyozi. Kutunza ni kufuta vumbi, kusafisha vichujio, kutumia kitu kwa namna kilivyokusudiwa na kutoa taarifa mapema. Mota iliyosukwa miaka mingi iliyopita kufikia mwisho wa maisha yake si suala la matunzo.

Hamjachelewa kuandika. Hata katikati ya mkataba mnaweza kukaa dakika chache mkatengeneza orodha ya vifaa, kila mtu akasaini na kubaki na nakala. Mali bila daftari huisha bila habari. Orodha nzuri haiishii kwenye "friji 1, AC 2". Inasema hivi: "Friji la milango miwili, rangi ya fedha, namba ya kifaa iliyo nyuma imeandikwa hapa, mpira wa mlango wa chini umechanika kona ya kushoto, linagandisha." Halafu piga video fupi kila kifaa kikiwa kimewashwa. Kiyoyozi kiache kifanye kazi robo saa ndipo uweke mkono kwenye upepo wake. Friji weka glasi ya maji sehemu ya kugandishia, uirudie kesho yake. Hita ifungulie maji mpaka yatoke ya moto. Madalali huwa na haraka siku ya kukabidhi nyumba, nawe usikubali kuharakishwa.

Kama mkataba wenu umeandikwa, ulipieni ushuru wa stempu. Mkataba usiolipiwa ushuru huo unaweza kukataliwa kupokelewa kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na faini, na watu hugundua jambo hili siku mbaya kabisa, wakiwa mbele ya baraza.

Nimjulishe vipi mwenye nyumba?

Mpigie simu kwanza, maana ni mtu mzima na kuna heshima yake. Kisha, siku hiyo hiyo, mwandikie ujumbe unaorudia mliyozungumza. Ujumbe usiwe wa lawama. Kwa mfano:

"Shikamoo mama. Kama nilivyokueleza kwenye simu, friji la jikoni limeacha kugandisha tangu jana jioni. Taa ya ndani inawaka lakini kompresa haisikiki ikianza. Nimelizima nisije nikaliharibu zaidi. Nimeambatanisha video. Naomba fundi wako aje kuliangalia, jioni kuanzia saa kumi na moja nipo nyumbani. Ahsante mama."

Hapo kuna tarehe, dalili, hatua uliyochukua kuzuia uharibifu, video na ombi lenye muda. Hakuna neno linaloweza kumuudhi mtu. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu unaweza kupokelewa kama ushahidi, kwa hiyo usifute mazungumzo, na ukibadilisha simu hamisha kila kitu.

Mpangaji anayekaa kimya mwezi mzima hita ikidondosha maji, halafu dari ya chumba cha chini ikaanguka, anajipunguzia haki yake mwenyewe. Sehemu ya hasara iliyotokana na kuchelewa anaweza kudaiwa.

Amesoma ujumbe, hajajibu. Naweza kuita fundi wangu halafu nikate kwenye kodi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu ni: pata kibali kwanza, na kiwe cha maandishi. Hata "sawa, endelea" kwenye WhatsApp inatosha. Bila kibali, mwenye nyumba anaweza kusema fundi wako ndiye aliyeharibu, au kwamba bei ni ya kupika, na utabaki unajitetea kwa jambo ulilolifanya kwa nia njema.

Mkumbushe mara ya pili baada ya siku chache, ukitaja tarehe ya ujumbe wa kwanza. Mtumie makadirio ya mafundi wawili, si mmoja, yakionyesha spea na ufundi kila kimoja na bei yake. Muulize lililo wazi: "Nikilipia mimi, tukate kwenye kodi ya awamu ijayo au utanirudishia?" Swali hilo lina maana kwetu kwa sababu wengi tumelipa kodi ya miezi mitatu, sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Hakuna kodi ya mwezi huu ya kukata. Fedha yako inaweza kukaa kwake miezi mingi, na kumbukumbu ya mdomo haivuki muda huo.

Fundi akimaliza, chukua risiti yenye jina na namba yake ya simu, na dai spea ya zamani. Kompresa iliyoungua au kapasita iliyovimba ikiwa mezani inamaliza ubishi mwingi.

Dharura ni jambo jingine. Gesi inavuja, soketi inatoa cheche, bomba limepasuka na maji yanaingia vyumbani: zuia madhara kwanza. Funga valvu, zima swichi kuu, ita fundi wa karibu afanye kile tu kinachoondoa hatari, huku ukimpigia mwenye nyumba. Hakuna baraza litakalomlaumu mtu kwa kuzuia nyumba isiungue.

Basi niache kulipa kodi mpaka atengeneze?

Hapana. Mpangaji anayedai haki ya friji akageuka mdaiwa wa kodi amempa mwenye nyumba sababu safi ya kumtoa. Lipa, na katika ujumbe wa malipo andika kwamba suala la friji lililotolewa taarifa tarehe fulani bado halijatatuliwa.

Fundi anasema umeme mdogo ndio ulioua kompresa. Sasa nani alaumiwe?

Umeme wa majumbani kwetu unatakiwa kuwa volti 230. Ukishuka sana, mota ya kompresa inashindwa kuzunguka, inavuta mkondo mkubwa, inapata moto na nyaya zake zinaungua. Hatari nyingine ni umeme kukatika na kurudi papo hapo. Ndani ya friji gesi inakuwa bado imebanwa upande mmoja, na kompresa inalazimika kuanza ikiwa imebeba mgandamizo huo. Ndiyo maana unashauriwa kusubiri dakika tatu hadi tano kabla ya kuliwasha tena, na ndiyo kazi ya kile kifaa cha kulinda friji kinachochomekwa kwenye soketi: kinalichelewesha friji, na kinakata umeme ukiwa mdogo au mkubwa kupita kiasi.

Kabla ya kulaumiana, thibitisheni kama kweli kompresa imekufa. Mara nyingi kilichoungua ni relei au kapasita ya kuanzishia, ambavyo bei yake ni ndogo sana ukilinganisha. Mwambie fundi apime nyaya za kompresa kwa mita mbele yenu na awaonyeshe usomaji. Fundi anayejua kazi yake hakasiriki kuombwa hivyo.

Halafu ulizeni majirani. Kama nyumba kadhaa zimepata hitilafu usiku uleule, tatizo lilikuwa kwenye laini. Toeni taarifa TANESCO, shirika la umeme, kwa namba 180, mpate namba ya taarifa, na kama mna madai ya hasara yaandikeni huko kwanza. Msiporidhika, malalamiko yanaweza kupelekwa EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Kama ni nyumba yenu peke yake, tazameni waya wa nyutro uliolegea au nyaya zilizochoka baada ya mita, na hayo ni ya mwenye nyumba.

Kati ya mwenye nyumba na mpangaji, umeme wa mtaani ukiua friji hakuna aliyekosea. Kwa maoni yangu hasara inabaki kwa mwenye mali, kama ambavyo ingebaki kwake friji likiwa stoo. Hali inabadilika kama aliweka kifaa cha kulilinda na mpangaji akakichomoa ili achajie simu kwenye soketi ile. Hilo hutokea, na mwenye nyumba ana haki ya kuuliza.

AC inaongezwa gesi kila baada ya miezi michache. Fundi anamtumia bili mpangaji. Ni sawa?

Si sawa, na hapa wapangaji wengi wanalipa wasichodaiwa. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama gesi ya kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua maana yake kuna tundu. Kujaza bila kuziba tundu ni kuimwaga hewani kwa awamu. Muulize fundi: "Inavujia wapi?" Apulize maji ya sabuni kwenye maungio muone mapovu. Asipotaka kutafuta, tafuteni fundi mwingine. Kuziba uvujaji na kujaza upya ni gharama ya mwenye nyumba, isipokuwa mpangaji ndiye aliyetoboa bomba, kwa mfano akipigilia msumari.

Kazi ya mpangaji ni vichujio. Fungua kifuniko cha mbele, vitoe, vioshe kwa maji, vikauke kivulini, virudishe. Mahali penye vumbi fanya hivyo kila baada ya wiki chache. Kichujio kilichoziba hupunguza upepo, mabomba ya ndani yanaganda barafu, na baadaye maji yanadondoka kitandani. Maji yakidondoka hata vichujio vikiwa safi, bomba la kutolea maji limeziba.

Usafishaji mkubwa wa kifaa cha nje na cha ndani uandikwe kwenye mkataba ni wa nani. Wanaoishi karibu na bahari, Kigamboni, Mbezi Beach, Msasani, wajue kwamba upepo wa chumvi unakula mapezi ya kifaa cha nje. Kutu hiyo haikuletwa na mpangaji na asikatwe dipoziti kwa ajili yake.

Shawa ya maji ya moto inanipiga shoti kidogo. Mwenye nyumba anasema nivae ndala.

Usioge tena kwa maji hayo. Zima swichi yake, na kama haina swichi yake peke yake, zima kwenye saketi breka. Mshtuko mdogo leo unaweza kuwa mkubwa kesho, na mwili wenye maji hupitisha umeme kirahisi.

Sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza ni ethi: nyumba haina waya wa ardhini, au upo lakini umekatika, au fimbo yake imechimbiwa juu juu kwenye mchanga mkavu. Ya pili ni kiini cha kuchemshia maji kilichopasuka, jambo la kawaida kwenye nyumba zinazotumia maji ya kisima cha chumvi. Zote mbili zinamhusu mwenye nyumba, na hii haimo kwenye kundi la vitu vya nyongeza. Nyumba inayompiga mtu shoti bafuni haifai kukaliwa. Mwandikie hivyo hivyo, kwa adabu na bila kulainisha, na umwombe alete fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Mwenye nyumba anayesoma hapa: tafadhali usimjibu mtu kuhusu ndala. Ukisha kuambiwa kwa maandishi halafu mtu akapoteza maisha, huwezi kusema hukujua.

Tuko wapangaji kadhaa kwenye ua mmoja, pampu moja, LUKU moja (mita ya umeme wa kulipia kabla). Pampu imeungua, mwenye nyumba anataka tuchange.

Pampu ya pamoja ni mfumo wa pamoja, na kuutunza ni wajibu wa mwenye nyumba. Umeme wa kuiendesha ndio mnaochangia ninyi. Ila uchunguzi ufanyike. Pampu nyingi huungua kwa kuzunguka bila maji: kisima kimekauka au bomba la mtaani limekata, na mtu amewasha akaenda zake sokoni. Akijulikana, achangie. Asipojulikana, msibebeshane. Kabla ya kusuka mota upya, mwombeni mwenye nyumba aweke swichi ya boya inayozima pampu yenyewe maji yakiisha, la sivyo itaungua tena.

Kuhusu LUKU moja, ugomvi hauishi kwa kugawana sawa kwa vichwa, kwa sababu vifaa havilingani. Uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja. Shawa ya umeme ya kilowati 4 ikiwashwa robo saa imekula uniti nzima. Friji la kawaida hula uniti moja hadi mbili kwa siku, na lililochoka mpira wa mlango hula zaidi bila mwenyewe kujua. Mita ndogo ya kila chumba, inayofungwa na fundi baada ya LUKU, inarudisha amani haraka kuliko vikao. Nayo kodi ya majengo inayokatwa kupitia LUKU tangu mwaka 2021 ni ya mwenye jengo. Hifadhini risiti za tokeni mkaifidie kwenye kodi ya nyumba kwa makubaliano.

Mimi ni mwenye nyumba. Mpangaji ametoboa friji kwa kisu akigandua barafu. Nimdai friji jipya?

Kosa ni lake, hilo halina ubishi. Mabomba ya kugandishia yako milimita chache chini ya ile barafu, na kisu kikiingia gesi yote inatoka kwa mluzi mmoja. Lakini unachopaswa kurudishiwa ni thamani ya ulichopoteza.

Tuseme ulilinunua kwa shilingi 900,000 miaka sita iliyopita, na mnakubaliana kwamba friji la aina hiyo lingedumu miaka kumi. Lilikuwa limebakiza miaka minne, yaani sehemu nne kati ya kumi: shilingi 360,000. Hicho ndicho kiwango cha juu cha haki. Kama linatengenezeka kwa 150,000 na likagandisha kama zamani, deni ni 150,000. Wewe ukiamua kununua jipya, nyongeza ni yako, kwa sababu unabaki na kitu kipya ambacho mwanzo hukuwa nacho. Ukidai 900,000 nzima utaonekana unatafuta faida, na hata dai lako la halali litatiliwa shaka.

Siku ya kumkabidhi mpangaji ajaye, mwambie kwamba akitaka kugandua barafu, friji lizimwe na mlango uachwe wazi iyeyuke yenyewe. Wengi hawajawahi kuambiwa.

Naweza kuingia na fundi mpangaji akiwa kazini? Nina funguo.

Usiingie bila kumwambia. Mpe taarifa siku moja au mbili kabla, mkubaliane saa, na awepo yeye au mtu wake. Naye mpangaji asiwe mtu wa kuahirisha kila siku halafu alalamike kwamba kifaa hakitengenezwi.

Tangu nilalamike, mwenye nyumba amekata umeme na anasema atalichukua friji lake.

Kukata umeme au maji ili mtu anyamaze au ahame ni kuvunja sharti la kumwacha mpangaji akae kwa utulivu. Kuondoa kifaa kilichokuwa sehemu ya makubaliano bila kupunguza kodi ni kuvunja mkataba. Piga picha, andika tarehe na saa, na nenda ofisi ya serikali ya mtaa siku hiyo hiyo bila kusubiri hasira zipoe. Kama kuna vitisho au amekufungia nje vitu vyako vikiwa ndani, polisi wanahusika. Kabla ya hapo, ugomvi wa friji si jambo la polisi.

Tumeshindwana kabisa. Tuanzie wapi?

Mjumbe na mwenyekiti wa mtaa. Hawatoi hukumu, lakini wanawafahamu wote wawili, na makubaliano yanayoandikwa kwenye daftari la ofisi yao huheshimiwa. Migogoro mingi ya vifaa inaishia hapo, na napenda iishie hapo.

Hatua inayofuata ni Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 baraza hili linapatanisha tu, haliamui. Likishindwa, au siku 30 zikipita bila usuluhishi, mgogoro unaohusu nyumba unaweza kufunguliwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na rufaa yake huenda Mahakama Kuu. Kama kilichobaki ni dai la fedha tu, kwa mfano umeshahama na unadai ulicholipa kwa fundi, uliza Mahakama ya Mwanzo. Vituo vya msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria ngazi ya kata wanaweza kukuandikia barua ya madai bila gharama kubwa, na barua hiyo mara nyingi ndiyo inayomfanya mtu alipe.

Nenda na mkataba, orodha ya vifaa, ujumbe uliochapishwa kwa mpangilio wa tarehe, risiti, na fundi mwenyewe kama atakubali kuja. Maneno "kila mtu anajua" hayasaidii.

Niko Kenya. Mambo ni hayo hayo?

Misingi inafanana: Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 nayo inaweka ndani ya mkataba wajibu wa mwenye nyumba kuhakikisha nyumba inafaa kukaliwa. Njia za kudai ni tofauti. Tribunali ya kudhibiti kodi za nyumba za kuishi inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 za Kenya kwa mwezi, na maduka na hoteli zina tribunali yao. Madai ya fedha yasiyozidi shilingi milioni moja yanaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambayo inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Baadhi ya wapangaji wanaodai dipoziti hupitia huko.

Nahama. Ananikata dipoziti kwa vifaa vilivyochakaa.

Fanyeni ukaguzi pamoja kabla ya kurudisha funguo, mkishika ile orodha ya siku ya kwanza, na washeni kila kifaa. Rangi ya friji iliyofifia, rimoti iliyofutika namba na kiyoyozi chenye kutu ni uchakavu wa kawaida. Mlango wa friji uliobonyea, rafu ya kioo iliyovunjika na jiko lililokosa kitufe ni uharibifu, na gharama yake ithibitishwe kwa risiti au makadirio ya fundi. Akisema "nitakutumia iliyobaki", aandike kiasi na tarehe kwenye karatasi hiyo hiyo ya ukaguzi, msaini wote wawili, na mwombe mjumbe au jirani asaini kama shahidi. Piga picha ya karatasi na ya mita ya LUKU ikionyesha uniti zilizobaki, kisha mkabidhi funguo.